Kabla ya kulaumu shokapu

Peleka Land Cruiser ya miaka ya tisini gereji, sema tu kwamba siku hizi inatingisha, na hujamaliza sentensi utasikia: "Bosi, hizo shokapu zimekufa." Fundi hata chini hajachungulia. Unanunua nne mpya, zinafungwa, na kwa siku chache unajiaminisha kwamba mambo yamekaa sawa. Halafu unashuka kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, barabara imejikunja kama bati, na meno yanagongana vilevile.

Sisemi shokapu hazifi. Zinakufa. Ninachosema ni kwamba kwenye gari la aina hii, lenye umri huu, shilingi ya kwanza ya kutafuta raha ya safari iende kwenye bushi, vile vipande vya mviringo vinavyokaa kwenye maungio ya chini ya gari ili chuma kisigonge chuma. Ziwe za mpira, na azifunge mtu anayejua ni wakati gani nati inakazwa. Shokapu za bei mbaya, springi ngumu na kuinua gari vinaweza kusubiri.

Nichukue toleo la 80, lile shangingi la wakubwa wa enzi hizo ambalo sasa tunalinunua sisi wenye mifuko ya kawaida. Ekseli zake zote mbili ni nzima, za kipande kimoja, na juu yake kuna springi za koili. Koili inabeba uzito, basi. Haiwezi kuizuia ekseli isikimbie mbele, nyuma wala pembeni. Kazi hiyo ni ya amu, mikono ya chuma inayoishika ekseli kwenye chasisi. Mbele ziko mbili nene, kila moja na bushi mbili kwenye ekseli na moja kwenye chasisi. Nyuma ziko nne, na kila moja ina bushi huku na huku. Ongeza zile fimbo mbili za kukatiza, panhadi, moja mbele na moja nyuma, nazo zina bushi kila mwisho. Jumla ni bushi 18, na hapo sijagusa stabilaiza wala shokapu zenyewe. Sehemu kubwa ya kinachoigonga tairi hupita kwenye mipira hiyo kabla ya kufika kwenye kiti chako.

Watu wengi hawalioni jambo hili kwa sababu wanafikiria mashimo na matuta. Kwenye shimo au tuta, springi inashuka na kupanda, shokapu inaituliza, kila mtu anaiona kazi. Kwenye rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana, au changarawe iliyojikunja, mapigo ni madogo na ni ya haraka mno. Springi haipati hata muda wa kucheza vizuri. Mpira wa bushi ndio unaokula mtetemo ule. Ukishakauka na kupasuka, chuma kinagonga chuma, na mtetemo unapanda wote kwenye chasisi, dashibodi inaanza kulia, skrubu za milango zinalegea. Kisha unafunga shokapu mpya zenye gesi, ngumu kuliko zile za zamani, na gari linazidi kuwa baya. Fundi anakwambia zitazoea.

Kukagua hakuhitaji mashine. Gari lisimame chini, injini iwake, mtu akae kwenye usukani autikise kushoto na kulia kidogo kidogo, na wewe ulale chini mbele utazame panhadi inapoungana na chasisi na inapoungana na ekseli. Ikiwa nzima, fimbo na mabano yake vinakwenda pamoja. Ikiwa imekwisha, utaona haviendi pamoja, kimoja kinatangulia na kingine kinafuata, na mara nyingi utasikia "ko" hapohapo. Halafu zima injini, chukua mtaimbo, uchomeke kati ya amu na mabano, ubinye. Tazama mpira ulipoungana na bomba la chuma la katikati. Bushi iliyochoka inafunguka mdomo pale, na pembeni yake kuna unga mweusi wa mpira uliosagika. Ukiona huo unga, huna haja ya kuuliza tena. Mlio mmoja mzito kutoka nyuma kila ukitoa rivasi na kuingiza gia ya kwanza nao mara nyingi huwa wa bushi za amu za chini za nyuma, ingawa wengi huishia kubadilishiwa msalaba wa propela shafti.

Sasa kufunga, na hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti. Bomba la ndani linabanwa kabisa na mabano, bomba la nje limebanwa ndani ya amu, na mpira ulio katikati umegandishwa kwenye yote mawili. Amu ikipanda au kushuka, mpira ndio unaojipinda na kurudi. Kwa hiyo pale unapokaza nati ndipo unapoamua mpira utakuwa umepumzika mkao gani. Fundi akiliweka gari kwenye stendi, ekseli ikaning'inia, akakaza kila kitu kwa nguvu zake zote ili amalize kabla ya chakula cha mchana, basi siku gari linaposhuka chini mpira umeshajipinda hata kabla halijatembea. Unaishi umekazwa, kila tuta linaupinda zaidi, na kabla ya mwaka umechanika. Hapo lawama inakwenda kwenye spea: "ni feki." Huenda ni feki kweli, lakini hata ya kiwandani ingekufa hivyohivyo.

Utaratibu ni mwepesi: ingiza bolti zote, shika nati kwa mkono, shusha gari likae kwa matairi yake, litikise mara kadhaa, kisha ingia chini ukaze. Chini ya 80 kuna nafasi ya kutosha, huna hata haja ya shimo. Ninachowaomba mafundi ni nusu saa ya ziada, na niko tayari kuilipia.

Kutoa bushi kuukuu ni kasheshe nyingine. Wapo wanaochoma mpira kwa moto mpaka udondoke, kisha wanatindua bomba la nje kwa patasi. Moshi wake ni sumu na tundu la amu linabaki na makovu. Tafuta gereji yenye presi, mashine ya kusukuma bushi nje na ndani ya amu. Kama fundi wako hana, mpe amu azipeleke kwa mwenye nayo. Na bushi zenye nafasi tupu ndani ya mpira zina upande wake; weka alama kwenye amu kabla ya kutoa ya zamani, la sivyo utaifunga ikiwa imegeukia kusiko.

Kuhusu zile bushi za rangi rangi za poliurethani, plastiki ngumu kuliko mpira, najua nitapingwa. Wanaozisifu wanasema hazifi. Ni kweli zinavumilia oili kuliko mpira, na gari linakuwa kali kwenye kona. Lakini nani alinunua 80 kwa ajili ya kona? Kwenye panhadi sina ugomvi nazo sana, kwa kuwa pale mwendo mwingi ni wa kuzunguka. Kwenye amu za mbele ni hadithi tofauti. Tairi moja ikipanda jiwe na nyingine ikiingia kwenye korongo, ekseli inataka kujinyonga, na bushi za amu ndizo zinazoiruhusu. Ukiweka kitu kigumu pale, ekseli inabanwa, tairi inanyanyuka, na ile mitetemo midogo inarudi kitini. Zaidi ya hapo, zinahitaji grisi yake maalumu, na ikikauka kwa vumbi zinalia kila tuta.

Kuna mambo mengine yanayoziua bushi na hayatajwi. Ile huduma ya pale tunapooshea magari ya kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari "lisipate kutu" ni mojawapo. Mpira wa asili ukilowa mafuta unavimba na kulainika. Unalipa mtu akuharibie bushi, na unamshukuru. Kuna pia amu za mtumba zinazouzwa na bushi zake ndani. Zinapendeza kwa macho, lakini mpira wake una umri uleule na wa kwako. Na bushi za kuchongwa kwenye tairi kuukuu zikufikishe nyumbani ukikwama porini, si zaidi.

Springi za kuinua nazo. Toleo la 80 halina sehemu ya kurekebisha kasta, ule mlalo wa mhimili wa usukani unaofanya tairi za mbele zirudi katikati zenyewe. Amu ndizo zinazoamua. Ukiliinua gari inchi mbili bila bushi au mabano ya kurekebisha, kasta inapungua, usukani hauna hamu ya kurudi katikati, na kwenye lami inakuwa kazi ya kusahihisha kushoto, kulia, kushoto. Kwenye alaimenti utaonyeshwa namba nyekundu kwenye skrini na fundi hana pa kuikaza.

Kabla ya yote hayo, pima upepo wa matairi. Wengi wanajaza psi 40 kwa mazoea, hata gari likiwa tupu. Shusha hadi 30 ukiingia vumbi, punguza mwendo, kisha ujaze tena ukirudi lami. Na kama fedha haitoshi kwa bushi zote, mimi ningeanza na panhadi ya mbele na amu za chini za nyuma, nikafuata za mbele kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Shokapu ningezitazama mwisho, na huenda nikakuta bado ni nzima.