Programu za vijana hujenga, na nyingine hubomoa

Ikitangazwa programu ya vijana, wengi tunaipokea kwa mikono miwili bila kuuliza zaidi. Kijana akiwa uwanjani au kwenye mafunzo ya uongozi, si hayuko kijiweni? Mimi mwenyewe naziamini programu hizi. Ila nia njema haitoshi, na hilo lilishaonekana zamani.

Mwaka 1939, huko Massachusetts, Marekani, ulianza mradi uliohusisha wavulana 506. Nusu yao walipewa washauri, msaada wa masomo, matibabu na kambi za likizo kwa wastani wa miaka 5. Nusu wakaachwa na maisha yao. Miaka takriban 30 baada ya mradi kwisha, mtafiti Joan McCord aliwafuatilia. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Kumbukumbu zikasema vingine: waliwazidi wenzao kwa kurudia uhalifu, kwa ulevi na kwa kufa mapema. Walioathirika zaidi ni waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba vijana watukutu wakikusanywa pamoja husifiana kwa utukutu huohuo.

Lakini zipo zinazofaa kweli. Utafiti wa mwaka 1995 kuhusu Big Brothers Big Sisters, inayomkutanisha kijana na mlezi mmoja, ulikuta uwezekano wa kuanza dawa za kulevya umepungua kwa asilimia 46. Takwimu hizo zilipochambuliwa tena mwaka 2002, faida kubwa ilikuwa kwa waliodumu na mlezi mwaka mzima au zaidi. Walioachwa ndani ya miezi 3 walijiona duni kuliko mwanzo.

Semina ya siku 2 inaweza kumfundisha kijana kuandika barua ya kuomba kazi, na hilo si dogo. Tabia haijengwi hivyo. Mtazame kijana mkimya aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo ya mipira. Wiki ya kwanza anachelewa, wenzake wanamngoja juani. Wiki ya tatu mipira miwili haionekani. Kocha hamnyang'anyi ufunguo, anakaa naye chini wahesabu upya. Mwezi wa pili anasimama mbele ya wote na kumtaja ambaye hajarudisha mpira, sauti ikimtetemeka kidogo.

Kazi hiyo ni ya polepole, na wafadhili wengi wanapenda kuhesabu vichwa. Mzazi anayemwandikisha mwanawe akumbuke kuuliza: kocha huyu mwakani atakuwepo?