Kidonda Kimepona, Figo Zimevimba

Mpwa wangu wa miaka saba aliamka asubuhi moja macho yamevimba, kope hazifunguki vizuri. Tukasema amelala vibaya. Kufikia alasiri uvimbe ulikuwa umepungua, nasi tukasahau. Kesho yake ukarudi. Tukampeleka kwenye kituo cha afya, akaangaliwa macho, akapewa dawa ya mzio, tukarudi nyumbani. Jioni ile akamwita mama yake chooni: mkojo ulikuwa mchache, na rangi yake kama chai iliyochemka kupita kiasi.

Daktari wa pili aliuliza swali ambalo hatukulitarajia: wiki tatu au nne zilizopita mtoto alikuwa na nini? Dada yangu akajibu hakuwa na kitu. Daktari akapandisha suruali ya mtoto, akatuonyesha makovu mabichi kwenye miundi. Ni kweli, alikuwa na upele, akaukuna ukageuka vidonda vya usaha vyenye magamba ya rangi ya asali. Vilikauka vyenyewe. Kwetu mambo yalikuwa yamekwisha.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa ugonjwa huu, wa figo kuvimba baada ya koo au ngozi kushambuliwa na bakteria, mawingu hutanda, hutoweka, watu wakaanika nguo, ndipo mvua inapiga. Bakteria aina ya streptokoka wa kundi A wakishambulia koo, figo huweza kuvimba wiki moja hadi mbili baadaye. Wakipitia kwenye ngozi, huchukua wiki tatu hadi sita. Na jambo hili si geni: mwaka 1812 tabibu William Charles Wells aliandika kuhusu uvimbe wa mwili unaowapata wagonjwa baada ya homa ya skaleti, ambayo nayo husababishwa na bakteria hao hao. Miaka zaidi ya mia mbili imepita, nasi bado tunanunua dawa ya mzio.

Kinachodhuru figo si bakteria wenyewe kuingia humo. Mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nao, na kingamwili hizo zikishikana na mabaki ya bakteria hunasa kwenye vichujio vidogo vya figo. Kila figo ina vichujio takriban milioni moja. Vikivimba, damu huvujia kwenye mkojo, na maji na chumvi vilivyopaswa kutoka hubaki mwilini. Uso unavimba, presha inapanda.

Presha ndiyo inayonikera kuliko yote. Tumezoea kuiona kama ugonjwa wa wazee, hivyo mtoto anapimwa joto, anapimwa uzito, na mkono wake haufungwi mkanda. Lakini kwenye ugonjwa huu hatari kubwa iko hapo: presha ikipanda ghafla mtoto huumwa kichwa, hutapika, macho hufifia, hata degedege humshika. Maji yakizidi yanaingia mapafuni, akashindwa kupumua vizuri akilala. Kituo kinachotibu watoto bila mkanda wa presha wa saizi yao, kwa maoni yangu, kimekosa kifaa cha lazima. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba hudanganya, huonyesha presha ndogo kuliko ilivyo. Na kipimo cha mkojo kwa kijiti ni cha dakika chache tu. Hivyo viwili, pamoja na lile swali la wiki zilizopita, vingetosha siku ya kwanza kabisa kumfanya mhudumu ashtuke.

Dada yangu alipoambiwa ni figo alilia, akidhani mtoto ataishi kwa kusafishwa damu kwa mashine. Laiti mtu angemwambia mapema kwamba zaidi ya watoto tisini na watano kati ya mia hupona kabisa. Wachache tu huhitaji mashine, na mara nyingi kwa muda. Matibabu yenyewe ni uangalizi zaidi kuliko kitu kingine: chumvi inapunguzwa, maji yanapimwa, anapewa dawa za kumkojoza na za kushusha presha, anapimwa uzito kila siku. Penisilini hutolewa kuua bakteria waliobaki, wasimwambukize mwingine. Haiponyi figo zilizokwisha kuvimba.

Kuna wanaosema basi, kama kutibu koo mapema hakutoi hakika ya kuzuia figo kuvimba, kwa nini tuhangaike? Siwaelewi. Penisilini hiyo hiyo ikitolewa mapema kwa mtoto mwenye koo la streptokoka humkinga na homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu vali za moyo. Na upele ukitibiwa kwa watu wote wa nyumba siku moja, ngozi haifunguki, bakteria wanakosa mlango.

Mpwa wangu alilazwa siku sita. Uvimbe uliisha, mkojo ukarudi rangi yake. Wiki ya nane kipimo kilionyesha bado kuna chembe za damu zisizoonekana kwa macho, na daktari akatueleza kuwa hizo zinaweza kuendelea hata mwaka mzima, mradi presha iko sawa na protini kwenye mkojo inapungua. Tumepewa tarehe nyingine. Dada yangu ameiandika ukutani, juu ya kitanda cha mtoto.