Ghadhabu ya Sekunde Sita

Najua habari mmeshaipata. Rafiki yangu mdomo wake hauna breki, na toleo lake linasema nilipiga kelele, nikakimbia hadi katikati ya uwanja, nikasimama, nikaanguka. Nakanusha. Nilipiga kelele, nikakimbia, nikasimama, GHADHABU IKAISHA, ndipo nikaanguka. Mpangilio una maana yake, wadau.

Ni jana usiku, Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua yanayompata, kanuni za 2014. (Za 2024 zinakuachia Ghadhabu, ile hasira ya vita inayopunguza maumivu, hadi mwisho wa zamu inayofuata, kwa hiyo msinijie na hizo.) Mimi babariani, mpiganaji wa hasira, levo ya 3, uhai 35; ukiisha, unaanguka.

Kinachouma zaidi ni kwamba muda mfupi kabla nilikuwa nimewapa mhadhara ambao hakuna aliyeniomba. Nikawaambia shujaa na askari si kitu kimoja: shujaa anapigania jina lake, askari anapigania nafasi yake kwenye mstari. Nikaongeza madoido: mwaka 1974 mpiganaji mchezoni aliitwa "Fighting-Man" tu; toleo la 2000 likamfanya "Warrior" kuwa darasa, yaani aina ya mhusika, la watu wa pembeni, dadu ya uhai pande 8, huku "Fighter" akipewa ya pande 10; na katika kanuni zetu "Soldier" si darasa hata kidogo, ni historia ya mhusika, kazi uliyoifanya zamani. Na historia hiyo, ndugu zangu, ndiyo niliyoichagua mimi. Karatasi yangu imeandikwa Soldier, na mkobani nina nembo ya cheo. Kumbukeni hilo tukiendelea.

Tulikuwa tunalinda lango la upana wa futi 10, yaani miraba miwili ya ramani. Wenzangu wawili wenye ngao wakaliziba. Wote wana mtindo wa Ulinzi: adui akimlenga jirani yako aliye ndani ya futi 5, unatumia mwitiko wako mmoja wa raundi, naye analazimika kurusha dadu mbili na kubaki na iliyo ndogo. Huyu anamkinga yule, yule anamkinga huyu. Mimi mstari wa pili, na halberdi, shoka la mpini mrefu linalofika futi 10, nichome juu ya mabega yao. Nyuma yangu mchawi. Kazi yangu yote ilikuwa kusimama. Kusimama! Kigingi kingeiweza.

Hobgoblini 6, viumbe adui wanaopigana kijeshi, wakatokea futi 80 mbele, safu mbili, watatu watatu. Tukarusha dadu za kupanga zamu, yangu ikaanguka 19. Nikawa wa kwanza. Lile dadu ndilo lililonichongea.

Hapa twende polepole.

Nikasukuma kiti. Nikasimama mimi mwenyewe, si mhusika. Nikanyanyua mkono na kunguruma: "GHADHABU!" Tendo la ziada likaenda. Nikashika kisanamu changu, nikakipenyeza kati ya ngao mbili (mwenye ngao wa kushoto alisema "wee, unakwenda wapi?", nikamsikia, nikampuuza), mwendo wa futi 30, na tendo kuu nikalitumia kuchapua mbio futi 30 nyingine. Tano zikaliwa na kule kupenya. Nikatua uwanjani, peke yangu, futi 25 kutoka kwa maadui. Halberdi yangu inafika 10.

Msimamizi, anayeendesha mchezo na maadui, akaniuliza, kwa upole ambao ningepaswa kuuogopa, "Umemaliza zamu?"

"Nimemaliza!" Mkono bado uko juu.

"Kuna adui uliyemshambulia?"

"Bado."

"Kuna aliyekuumiza?"

"Nani aniumize? Mimi ndiye wa kwanza."

"Basi Ghadhabu imekatika."

Mkono ukashuka wenyewe. Kanuni ipo, na nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri: Ghadhabu hudumu dakika 1, lakini zamu yako ikiisha hujamshambulia adui wala hujaumizwa tangu zamu iliyopita, inazimika. Raundi ni sekunde 6. Nilikasirika sekunde 6. Ninazo 3 kwa siku, lakini tendo la ziada ni moja kwa zamu, na langu nilishalingurumia.

Sasa zamu ya wale askari. Hobgoblini mmoja ni kero tu, upanga wa dadu ya pande 8 jumlisha 1. Ila mwenzake akiwa ndani ya futi 5 ya anayepigwa, mara moja kwa zamu anaongeza dadu 2 za pande 6. Nguvu yake ni jirani yake! Kilekile nilichokuwa nahubiri, kikaja kunihubiria mimi, kikiwa na mapanga.

Wakanizunguka. Kinga yangu 15, wao wanaongeza 3 kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo wanahitaji 12 kwenda juu. Wa kwanza akakosa, nikatabasamu. Wa pili akanipata, maumivu 13. Wa tatu akakosa. Wa nne: 11. Wa tano: 12. Jumla 36, na mimi nina 35. Ghadhabu ingekuwepo, vyuma vingenidhuru nusu tu: 6, 5 na 6, ningebaki nimesimama na 18.

Wa sita hata hakunipiga. Akanipita pembeni, akaelekea langoni. Amri yake ilikuwa lango, mimi si lango.

Methali inasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Jana vilipotea njia. Mchawi alicheka hadi akalala juu ya meza.

Mengine kwa ufupi: wenye ngao hawakutikisika, mchawi akamaliza kazi, dadu zangu za kifo, zile za kuamua kufa au kupona, nikafaulu moja nikafeli mbili, wakanifunga bandeji, nikaamka saa 3 baadaye na uhai 1. Nembo ya cheo nimenyang'anywa. Ameivaa mchawi.