Simba wangu wa siku kumi

Wacha leo niseme mwenyewe manake hii stori ya alama ya mkononi mwangu Lamu nzima inaijua na kila mtu anaisimulia vibaya, kuna wanaosema niliungua na pasi, kuna wanaosema nilifungwa Manyani nikatoka na alama, na kuna mtoto mmoja Langoni ananiita Ami Paka mbele za watu na mamake anacheka.

Kazi yangu ni mashua. Nabeba wageni, Shela, Manda, Matondoni wakaone mashua zinavyoundwa, jioni tunatweka tanga wapige picha za jua. Sasa ukishinda na wageni lazima utaona tatuu. Mgongo mzima joka, mguu mzima maua, mmoja alikuwa na mbwa wake kifuani, na jina, na mwaka aliokufa. Nikaanza kuona mkono wangu kama ukuta usiopakwa chokaa. Basi nikamuuliza Muitaliano mmoja hizi zinakaa muda gani, akanambia kule kwao milimani, mpakani na Austria, 1991 waliokota maiti ya mtu aliyekaa ndani ya barafu zaidi ya miaka 5,000, na ngozi yake wamehesabu tatuu 61. Yeye alikuwa ananisifia. Mimi nilichosikia ni kwamba hii kitu haitoki hata ukifa, na nina bibi yangu ambaye bado yuko hai na ana bakora.

Tena kwetu tatuu ya wino ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini shetani hakosi wakili. Nikajiambia, piko je, ile rangi nyeusi ya kupaka juu ya ngozi? Maharusi si wanapakwa kila siku? Wiki mbili imefutika, hakuna sindano, hakuna damu, hakuna dhambi ya kudumu. Ilikuwa imebaki siku nne tu kufika mashindano ya mashua ya mwaka mpya pale Shela, na mimi nilitaka niinue mkono kwenye kamba watu waone simba. Simba tu, sikutaka makubwa.

Nikaenda kwa dada mmoja jirani ya khaloo yangu, fundi wa kupamba maharusi, mkono wake mwepesi mashallah. Nikaingia kwa mlango wa nyuma na kofia nimeivuta mpaka kwenye mato, manake mwanamume kuonekana anapakwa piko Lamu bora akamatwe na bangi. Dada akanitazama akasema, "Kakangu, mimi nachora maua. Simba sijawahi hata siku moja." Na mimi kwa mdomo wangu huu nikamjibu, "Dadangu, simba si paka mkubwa tu."

Hayo maneno yamenirudia.

Akachanganya. Hina ni majani, inatoka nyekundu, mara nyingi haina shida na mtu. Hii piko ya siku hizi ni ule unga wa kuzima mvi, unatiwa maji kidogo, unakuwa mweusi tititi. Akaanza na masikio, akaweka macho, ndevu tatu huku tatu kule. Alipofika kwenye manyoya ya shingo akakwama, akafanya anachokijua, yaani simba wangu akavishwa shada la maua na vikonyo na vijani kama bibi harusi anayetolewa ukumbini. Nikanyamaza, usimsumbue fundi. Halafu alipokuwa anavuta mkia simu yangu ikalia, nikaruka, mkono ukaenda, na mkia nao ukaenda, kutoka begani mpaka kwenye kiwiko. Dada akasema tuufute, nikasema wacha, simba ana mkia mrefu. Mtu mzima mimi.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mfalme. Nilivaa singlendi hata sokoni.

Siku ya tatu usiku mkono ukaanza kuwasha. Si kuwasha kwa mbu, ni kuwasha kwa kutaka kuusugua mkono kwenye ukuta wa matumbawe mpaka mfupa. Asubuhi umefura, na juu ya kila mstari kumeota malengelenge, mistari yote, sawasawa, utadhani simba amevimba kwa hasira. Mtu mwenye akili angeenda hospitali. Mimi nilienda kwenye mashindano. Na kazi yangu mashuani ni kukaa ule ubao unaotokezwa nje ili tusipinduke, yaani kila wimbi la maji ya chumvi linapasukia kwangu kwanza. Wenzangu wanasema nilikuwa napiga kelele za kuwatia moyo. Sikuwa nawatia moyo wallahi. Tulimaliza nafasi ambayo sitaitaja.

Daktari alinitazama sekunde mbili. "Piko?" Nikasema nimeumwa na mdudu. Akasema, "Mdudu gani amekuuma kwa umbo la mnyama mwenye maua?" Nikakubali. Akanieleza kwamba ule unga una kemikali inaitwa PPD, umetengenezwa kwa ajili ya nywele na haukukusudiwa kulala kwenye ngozi, na mwili ukishaikataa mara moja hausahau tena. Akanipa dawa ya kupaka na vidonge vya mzio, akanambia kuanzia leo rangi nyeusi ya nywele usiiguse maisha. Akaiandika na kwenye faili. Jamani sisi ukoo wetu mvi zinaingia na miaka thelathini. Babangu anaonekana kijana kwa kazi ya huo unga huo.

Nyumbani bibi akanambia ndoo nikutezame. Akavaa miwani, akashika mkono, akaugeuza kama anayenunua samaki. Alidhani nimeenda kwa mganga kuchanjwa chale. Nilipomwambia ni piko alikaa kimya muda mrefu, akauliza swali moja tu, "Na miguu je, umepaka?"

Sasa basi, sikilizeni hapa ndipo palipo na balaa. Vidonda vilikauka. Palipopakwa nyembamba, yale maua na vikonyo vya shingoni, pakapona pakarudi rangi yake. Palipopakwa nzito pakabaki kovu jeupe, limetuna kidogo, ukipitisha kidole unalisikia. Na palipopakwa nzito ni wapi? Masikio. Macho. Ndevu sita. Mkia. Simba alivuliwa shada lake, akabaki paka. Paka kabisa, wa kukaa pale soko la samaki kusubiri utumbo. Lamu hii yenye paka kila baraza, nimeongeza mmoja.

Msikitini ndiko kulikonimaliza. Nimekunja shati natia udhu, mzee mmoja pembeni yangu akatazama, akatazama tena, akasema, "Kijana, huyo naye anatawadha?" Mwenzake akamjibu, "Afadhali paka, paka tohara. Angechora mbwa angeosha mara saba." Watu wazima wale, wamekuja kuswali, na mabega yanatikisika kwa kicheko.

Miezi minane nikavumilia. Halafu nikasikia Mombasa kuna kliniki ya ngozi inafuta tatuu kwa leza. Nikaweka akiba, nikavuka Mokowe, nikapanda basi. Njiani askari wanakagua vitambulisho, mmoja akaona mkono. "Hii ni alama ya kundi gani?" Nikamwambia ni paka, afande. Akamwita mwenzake. Wakanitazama wawili, yule mkubwa akasema mwache apande, hakuna kundi linaweza kujiita hivyo.

Kliniki nikalipa elfu tatu za kumuona mtaalamu tu. Akaleta taa, akatazama, akaniuliza wino ni wa rangi gani. Nikasema piko. Akaweka taa chini polepole. Akanambia leza kazi yake ni kuuvunjavunja wino uliolala ndani ya ngozi uwe vumbi vumbi, halafu mwili wenyewe unaliondoa, safari nyingi, wiki kadhaa kati ya moja na nyingine, na wino mweusi ndio rahisi kuliko wote. "Sasa wewe huna wino. Huna kitu cha kuvunja. Ungekuja na tatuu ya kweli ningekusaidia."

Nilirudi na basi la usiku. Yaani niliikimbia tatuu ya kweli kwa kuogopa haitoki.

Rafiki yangu akanishauri niende Malindi kwa fundi wa sindano amwongezee manyoya arudi simba. Bibi akasikia. Mjadala ukafungwa.

Basi paka akabaki, na wageni wakaanza kuuliza maana yake. Mgeni hawezi kuona alama mwilini mwa mtu wa Lamu akakubali kwamba haina maana. Mwanzoni nilisema ukweli, wakanionea huruma na bahashishi ikapungua. Siku moja mama mmoja wa Kijerumani akauliza na mimi nikiwa nimechoka na jua, nikamwambia hiyo ni alama ya mabaharia wa zamani, paka ndiye aliyelinda nafaka za jahazi zisiliwe na panya, bila paka hufiki Maskati. Mambo ya panya ni kweli lakini. Ya alama ndiyo nilitunga. Yule mama macho yakamlengalenga. Akasema ndiyo maana paka wa Lamu wanafanana na wale waliochorwa Misri ya kale, nikasema hasa, akapiga picha mkono wangu kutoka pande zote, akanipa bahashishi ya wiki.

Mwezi jana WhatsApp ikalia. Picha. Mkono mweupe, umepakwa mafuta, bado mwekundu kwa sindano, na juu yake paka wangu. Masikio yake, ndevu sita, mkia begani mpaka kiwikoni, wino wa kweli, wa kwenda naye kaburini. Chini ameandika kwamba fundi wake kule kwao amemuuliza mkia huu mrefu wenye kona pale katikati maana yake ni nini, na yeye hakukumbuka kuniuliza.

Nikakaa na simu mkononi kama nusu saa. Nikamwandikia, "Safari ndefu ya bahari, na ile kona ni pepo za kaskazi zikigeuka." Akanitumia mioyo tisa.

Ile kona ilikuwa ni simu ya ami, alikuwa ananipigia kuuliza kama nimemfunga punda.