Jokari na tatizo la tatu kushinda jozi mbili

Barazani kwetu Malindi, baada ya Isha, karata ni za kupitishia usiku, pesa haziwekwi. Juzi tulijaribu poka, tukatia jokari moja lisimame mahali pa karata yoyote. Mzee mmoja akaweka chini jozi mbili. Mwenzake alikuwa na jozi moja na jokari, akasema ana tatu za namna moja, akashinda. Mzee alilalamika, na nilipokaa kuhesabu niliona ana haki.

Poka husimama juu ya nguzo moja: mkono, yaani karata tano za mchezaji, ulio adimu ndio mkubwa. Kwa karata 52, tatu za namna moja hupatikana kwa njia 54,912, jozi mbili kwa njia 123,552. Ukitia jokari, jozi mbili hubaki zile zile 123,552, ila tatu hupanda hadi 137,280. Kwa hiyo mkono uliokuwa adimu sasa ndio wa kawaida, na bado unashinda. Je, tugeuze, jozi mbili ziwe juu? Hapo mwenye jozi na jokari atasema ana jozi mbili. Zitafika 205,920, na tatu zitarudi 54,912. Ukipanga hivi, hesabu yakukataa. Ukipindua, yakukataa tena.

Turufu haina ugonjwa huu. Shupaza ikiwa turufu, mbili yake huipiga ree ya kopa, lakini hubaki mbili ya shupaza. Jokari huchagua sura baada ya kuangalia kipi kinalipa.

Wanaolitetea wana neno. Kila mchezaji ana nafasi sawa ya kulipata, kanuni zajulikana kabla ya kugawa, na mkono mbovu hupata tumaini. Hilo nalikubali. Hata mashine za poka za kasino zinazofanya karata zote nne za mbili kuwa majokari hukwepa ugomvi: malipo huanzia tatu za namna moja, jozi mbili hazilipwi kabisa. Lakini pale mtu hushindana na jedwali la malipo, si na jirani yake.

Kwa watu wanaotazamana usoni, naona bora njia ya pai gow poka, aina moja ya poka ya kasino: jokari ni ree, au hukamilisha karata tano za mfululizo au tano za rangi moja, kama zote kopa au zote shupaza, basi. Kwa hesabu hiyo tatu ni 63,360, jozi mbili 138,600, na daraja husimama. Tulirudia mchezo hivyo. Mwenye jozi na jokari akabaki na jozi yake na ree.