VTS kwenye mabasi: dereva anayelalamika asikilizwe kwanza

Dereva wa basi la mkoani akifungua mdomo tu kulalamikia VTS, yaani kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, watu wanamwambia anataka kukimbiza gari aue abiria. Mjadala umeishia hapo. Mi naona tunamkata kauli kabla hajafika kwenye hoja yenyewe, na hoja yake inahusu usalama wetu sisi tuliokaa nyuma yake kuliko tunavyodhani.

LATRA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia usafiri wa ardhini, nao wapewe haki yao. Tochi ya trafiki inaona sehemu moja tu ya barabara, madereva wanapigiana taa, wanashuka mpaka 50 pale askari alipo afu wakishapita wanakanyaga tena. Kifaa hakipigiwi taa, kinatuma spidi na mahali basi lilipo safari nzima, na dereva anajitambulisha kwa kitufe chake ili ijulikane nani alikuwa kwenye usukani saa nane usiku. Bila hicho kitu mi nisingeunga mkono mabasi kurudishiwa safari za usiku Oktoba 2023. Na spidi inaua kweli, WHO wanasema wastani wa spidi ukipanda asilimia 1 hatari ya ajali yenye vifo inapanda kama asilimia 4, hapo hakuna cha kubishana.

Haya, sasa kaa kwenye siti ya dereva. Unatoka Mafinga kwenda Makambako, mbele yako kuna semi inaenda 65, nyingine za Tunduma zimefuatana, na wewe mwisho wako ni 80. Ukiovateki kwa 80 unamzidi kilomita 15 tu kwa saa, yaani kama mita 4 kila sekunde. Chukua semi mita 18, basi lako mita 12, nafasi ya mita 20 kabla ya kutoka na mita 20 kabla ya kurudi, jumla mita 70. Hizo ni karibu sekunde 17 uko upande wa wenzako, na ndani yake umetembea zaidi ya mita 370, na anayekuja mbele yako naye kwa 80 katembea hizo hizo, kwa hiyo unahitaji robo tatu ya kilomita iwe nyeupe kabisa. Ukipandisha hadi 95, sekunde zinashuka mpaka 8 na nusu hivi na barabara unayohitaji inakuwa mita 400 na kidogo. Umerudi upande wako mapema zaidi, ila rekodi imeandika umezidisha spidi.

Jibu la haraka ni kwamba asiovateki, akae nyuma ya semi. Kisheria ni sahihi na mara nyingi hata kiusalama ni sahihi, kwa sababu kwa 95 ukikosea hesabu kishindo ni kikubwa zaidi na abiria 50 wako nyuma yako. Mi simtetei anayevunja 80. Ila basi lililokaa 95 kwa sekunde 9 na basi lililokaa 95 kwa dakika 20 ni vitu viwili tofauti kabisa, na data hiyo hiyo inayomshtaki dereva ndiyo inayoweza kuwatofautisha. Tena ikionekana mabasi mengi yanapandisha spidi kwa sekunde chache kwenye kipande kile kile kila siku, hilo siyo tena suala la mguu wa mtu mmoja, ni TANROADS, wakala wa barabara, kuambiwa hapo panahitaji njia ya tatu ya kupitana.

Breki nayo ni vilevile. Mifumo mingi duniani inahesabu breki kali kama kosa la dereva, wakati swala akikatiza pale Mikumi breki kali ndiyo iliyookoa watu. Wamarekani wamelionja hili, kampuni ya magari ya GM ilikusanya rekodi za breki kali, spidi na safari za usiku kutoka kwenye magari ya wateja, zikafika hadi kwa makampuni ya bima, na Januari 2025 tume yao ya biashara, FTC, ikatangaza kuchukua hatua. Sasa angalia Volvo, walianza mwaka 2016 kule Sweden na Norway, gari likihisi utelezi linapeleka taarifa na dereva anayekuja nyuma anaonywa kabla hajafika. Taarifa za gari zilezile, ila huku zinamfikia mtu ambaye bado ana nafasi ya kupunguza mwendo. Sisi tunazo safari za mabasi kila siku kwenye milima ya Kitonga na Sekenke, na breki kali zikirundikana kwenye kona moja hiyo ni onyo kabla damu haijamwagika.

Afu kuna tajiri, mwenye basi. Basi limekaa stendi likisubiri abiria, limekaa foleni ya mizani, ratiba haijabadilika na simu ya tajiri inaita, dereva afidie wapi huo muda kama siyo barabarani? VTS inaonyesha basi lilisimama wapi na kwa muda gani, kwa hiyo spidi ya jioni isomwe pamoja na ucheleweshaji wa asubuhi, na mwenye basi aulizwe naye.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tayari inampa mtu haki ya kuona taarifa zake. Kwa dereva hiyo iwe na maana ya kitu cha kushikika, kwamba kabla ya faini anaonyeshwa alizidisha wapi, kwa sekunde ngapi, na apewe muda wa kueleza nini kilikuwa mbele yake. Anayekimbiza atakosa la kusema. Anayekwepa ng'ombe ataeleza, na maelezo yake yaende moja kwa moja kwa wanaoweka alama za barabarani.