Miezi mitatu ya kumsubiri paka

Dada yangu alipomfuata mumewe Ujerumani, ilimbidi amwache paka wake kwa Mama, Mji Mkongwe. Paka alikuwa ameshachanjwa kichaa cha mbwa, kadi ipo na muhuri upo. Kilichokosekana ni chipu, kile kidude mfano wa punje ya mchele, chenye namba ya kumtambulisha mnyama, kinachodungwa chini ya ngozi. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya chipu hutangulia, chanjo ndiyo ifuate. Ikiwa kinyume chake, chanjo haihesabiki, maana kadi peke yake haithibitishi kwamba paka aliyechomwa ndiye huyu aliyemo kikapuni. Ikabidi kuanza upya: chipu, chanjo, siku 30, kipimo cha damu, kisha miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Tiketi ya dada ilibakiza wiki mbili.

"Huyu hata kibaraza hajakivuka," Mama alimwambia daktari wa mifugo. "Kichaa atakipata wapi?"

Neno la Mama lina uzito. Katika damu hiyo maabara hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi, na kiwango kinachotakiwa ni yuniti 0.5 kwa mililita. Paka mzima aliyechanjwa vizuri kwa kawaida hukifikia, na paka kwa jumla hufaulu kuliko mbwa. Hata asiyekifikia si lazima awe hana kinga: kingamwili hupanda wiki chache baada ya chanjo kisha hushuka, lakini mwili unakumbuka. Basi aliyefaulu anawekewa miezi 3 ya nini?

Hapo wengi tunakosea, nami nilikosea. Miezi ile haikuwekwa ili chanjo ipate kufanya kazi. Imewekwa ili ijulikane kama paka alikuwa ameambukizwa kabla ya kuchanjwa. Virusi hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu, kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni, wiki kadhaa hata miezi, na muda wote huo mnyama anakula, analala, anajisugua miguuni mwako. Chanjo iliyochelewa haitegemewi kumwokoa, na damu haisemi kipi kilitangulia, maambukizi au chanjo. Siku ndizo zinazosema. Kwa ugonjwa ambao dalili zikishatoka karibu hakuna anayepona, awe mtu au mnyama, mimi siioni miezi 3 kuwa mingi. Uingereza ya zamani iliwafungia wanyama karantini miezi 6.

Linabaki suala la visiwa. Ulaya inaitazama Tanzania kama nchi moja, na haimo katika orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo cha damu. Mpemba ana haki ya kunung'unika. Kisiwani kwake mbwa walichanjwa mpaka ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Lakini mwaka 2016 ulirudi, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ukaonesha vimeingia kutoka bara. Ikabidi kuchanja tena, hadi ulipozimwa mwaka 2018. Bahari haikuuzuia. Kwa hiyo kwa hili nasimama na Ulaya, ingawa roho inaniuma.

Ninachokipinga ni kimya cha aliyemchanja paka siku ile ya chanjo ya kwanza. Swali moja tu, "Mtasafiri naye?", lingemwokolea dada yangu miezi minne na zaidi. Tena kipimo cha damu kikishapita hakirudiwi, mradi chanjo za marudio zisipitwe hata na siku moja. Mwenye ndoto ya kuondoka anaweza kukimaliza mapema, kabla hata ya kufikiria tiketi.

Siku zilipotimia, dada alirudi mwenyewe. Paka akipishana na mwenyewe kwa zaidi ya siku 5 huhesabiwa mali ya biashara, na hiyo ina masharti yake mengine. Nauli mbili zaidi, kwa ajili ya paka. Mama alitandika kanga yake kuukuu ndani ya kikapu, akamwita paka kwa jina, naye akaingia bila kusukumwa.